Chaneli ya mapishi haikui, ninunue wafuasi?

Usinunue mkuu, hao hawaangalii video na YouTube ikiwagundua inawafuta. Unasema wanaoangalia ni ndugu tu na kila video inaanza na salamu dakika mbili, sasa hapo mgeni si kashahama zamani! Anza na pilau inapakuliwa, mvuke unaonekana, ndo ujitambulishe baadae. Kichwa andika vile watu wanavyotafuta, "jinsi ya kupika pilau kilo moja", sio "Video ya 6". Zima feni ukirekodi, sauti mbaya inakimbiza watu kuliko kamera mbaya. Nyimbo za watu usiweke. Hela ya matangazo inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo kazi usiache. Ukihamia kwenye habari waulize kwanza TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) mambo ya leseni.