Gia zinaingia, lakini usukani bado

SWALI: Mimi ni dereva wa Coaster, Moshi–Arusha, nina miaka 52. Miezi minne iliyopita nilipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Sasa natembea, na gia naweza kuingiza. Kuna mzee Boma Ng'ombe ananichua kwa mafuta yake. Presha imeshuka hadi 128/80, hivyo vidonge nimevipumzisha. Naweza kurudi barabarani?

JIBU: Kwenye usukani hapana, kaka, si sasa. Na sababu si mkono.

Kila wiki kuna mgonjwa ananikunjia ngumi kunionyesha kwamba amepona. Kilichopigwa ni ubongo, si mkono! Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, ule unaoendesha kushoto kwa mwili, kama chako, kinaweza kukuachia macho mazima huku ubongo ukisahau vilivyo kushoto. Muulize mama watoto: unabakiza ugali upande mmoja wa sahani? Unagonga fremu za milango kwa bega la kushoto? Mwenyewe huwezi kujua. Na kushoto kwa Coaster ndiko waliko bodaboda, watoto wa shule pale Kikatiti, na konda wako mlangoni. Nenda kwa wataalamu wa utengamao, yaani wanaomrudishia mgonjwa uwezo wake, hospitali ya KCMC hapo Moshi wapo, wakupime uoni, umakini na wepesi wa kuamua. Kwa sasa mwombe bosi kazi ya stendi, nusu siku kwanza. Uchovu wa kiharusi hukuangukia saa sita mchana kama mkungu wa ndizi.

Sasa vidonge. Hiyo 128/80 imeletwa na vidonge! Presha haina dozi ya kumaliza kama malaria. Ukiacha inapanda kimyakimya, kichwa hakiumi, hadi kiharusi cha pili. Rudi kliniki wiki hii.

Kuchuliwa taratibu sikukatazi. Lakini wapo wanaovuta mkono uliolegea mpaka bega linateguka, na wanaokanda kwa maji ya moto ngozi isiyo na hisia. Vidonda vya kuungua hivyo nimevifunga mimi. Wabaya zaidi ni wauza chupa za dawa ya "kiharusi siku saba". Miezi ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza upya kwa kasi, na wagonjwa huimalizia huko, kisha wanakuja kwetu viungo vimekakamaa. Muulize anayekuuzia chupa presha yako ya leo ni ngapi. Hata mashine ya kupimia hana.