Maswali ya Wasomaji: Waya ni Uleule wa Simu, Mbona Kasi Hailingani?

Maswali ya mara hii yanahusu intaneti inayopita kwenye waya wa simu, hasa VDSL2, kiwango kilichowekwa ili modemu na mitambo ya watengenezaji mbalimbali iweze kuelewana.

SWALI: Modemu niliyonunua imeandikwa ADSL, ADSL2+ na VDSL2. Laini yangu ni ya ADSL2+. Itashika? Na mbona majina ni mengi hivi wakati waya ni mmoja?

JIBU: Itashika. Modemu ya aina hiyo ikiwashwa huanza kwa kupeana salamu na mtambo wa mtoa huduma ulio upande wa pili, kwa utaratibu uitwao G.994.1. Kila upande hutaja viwango unavyoviweza, wakikubaliana kimoja ndipo vipimo vya laini huanza. Ila mambo hayaendi kinyume: modemu ya ADSL2+ pekee haiwezi kuongea na mtambo uliofungwa kwenye VDSL2 tu.

Majina ni mengi kwa sababu kila kizazi kilipanua masafa yanayotumika kwenye waya. ADSL ya mwaka 1999 iliishia megahezi 1.1. ADSL2+ ya 2003 ikafika 2.2. VDSL ya kwanza ikafika 12, na VDSL2 ikavuka hapo hadi 17.6 na hata 30.

Angalia mipangilio kabla ya kumlaumu fundi. ADSL husafirisha data kwa ATM (si mashine ya benki, bali mfumo wa kukata data kuwa vipande vidogo vya ukubwa mmoja), kwa hiyo ruta itakudai namba mbili za kuitambulisha njia ya data, VPI na VCI. VDSL2 kwa kawaida hutumia PTM, mfumo wa kutuma data kwa pakiti, ambao hauna namba hizo, lakini watoa huduma wengi huweka namba ya VLAN, inayotenganisha mikondo ya data kwenye mtandao. Taa ya DSL ikitulia huku ya intaneti imezima, waya hauna kosa. Tafuta tatizo kwenye namba hizo, au kwenye jina na nywila ya PPPoE, yaani utaratibu wa kuingia kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma. Angalia pia herufi ya Annex, yaani toleo la kiwango linaloendana na aina ya laini. Annex A ni ya laini ya simu ya kawaida, na njia yake ya kupakia huanzia kilohezi 25 hivi. Annex B ni ya laini yenye ISDN (simu ya kidijitali), na njia hiyo huanzia karibu kilohezi 138. Modemu ya herufi moja ikiwekwa kwenye laini ya herufi nyingine huzunguka kujaribu bila kushika.

SWALI: Nasikia watengenezaji waligombana kwa miaka juu ya DMT na QAM. Mtumiaji wa kawaida inamhusu nini?

JIBU: Inamhusu sana, maana ndiyo sababu zamani modemu mbili zenye jina moja zilishindwa kuelewana. Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kupanga biti kwenye masafa. QAM, pamoja na ndugu yake CAP, hutumia mkondo mmoja mpana au michache. DMT huyakata masafa kuwa toni nyingi nyembamba, kila moja kwa kawaida kilohezi 4.3125, na kila toni hupewa biti kulingana na hali yake. Toni safi hupewa nyingi, yenye kelele hupewa chache, iliyoharibika huachwa. Waya wa shaba hauna hali moja kote: redio huvamia sehemu moja ya masafa, kiungio kibovu huharibu nyingine. DMT huyakwepa maeneo hayo bila kuacha yaliyo mazima.

Katika majaribio ya mwaka 1993 ya Bellcore, maabara ya utafiti ya makampuni ya simu ya Marekani, DMT ilishinda kwa upande wa ADSL. Hata hivyo vifaa vya CAP viliendelea kuuzwa. VDSL ilipokuja ugomvi ukafufuka, na kiwango cha 2004 cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yaani G.993.1, kikaruhusu njia zote mbili. Matokeo yake, neno VDSL kwenye boksi halikumhakikishia mnunuzi chochote. Majaribio ya mwaka 2003 ya BT, kampuni ya simu ya Uingereza, na Telcordia, jina jipya la Bellcore, yalikuwa yameshaonyesha DMT inaongoza, na VDSL2, yaani G.993.2, ambayo maandishi yake yaliafikiwa 2005 na kupitishwa 2006, ikabakiza DMT peke yake.

Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi sahihi, na ulichelewa. Faida yake unaishika mkononi: kwa kuwa upana wa toni unafanana na wa ADSL, chipu moja inaweza kufanya kazi za vizazi vyote. Ndiyo maana modemu ya msomaji wa kwanza ina majina matatu.

Kuna tahadhari moja. Ndani ya VDSL2 kuna profaili, yaani makundi ya mipangilio: 8a hadi 8d, 12a, 12b, 17a, 30a, na baadaye 35b. Namba inakaribia megahezi za juu kabisa zinazotumika. Modemu hailazimiki kuwa na profaili zote ili iitwe VDSL2. Ile inayoishia 17a haitafaidi masafa ya juu ya 35b. Itapata kasi ya 17a, au isishike kabisa, kutegemea mtambo ulivyopangwa. Muulize mtoa huduma profaili yake kabla ya kununua.

SWALI: VDSL2 inasifiwa kwa megabiti 100. Yangu inashika 38 tu. Nimeibiwa?

JIBU: Huenda kinachokula kasi ni urefu wa waya. Kwenye 17a kila toni hutuma mara 4,000 kwa sekunde, na kila mara hubeba biti zisizozidi 15, sawa na kilobiti 60 kwa sekunde. Kila biti moja huhitaji ishara iizidi kelele kwa takribani desibeli 3 zaidi. Waya unavyorefuka, toni za masafa ya juu ndizo hufa kwanza, na huko juu ndiko VDSL2 inakotoa kasi yake ya ziada. Waya ukiwa wa mita 300, 100 inawezekana. Ukifika kilomita moja, 30 hadi 40 si ajabu. Ukivuka kilomita moja na nusu, unapata kidogo tu zaidi ya ADSL2+. Na urefu unaohesabiwa ni wa kebo yenyewe, pamoja na kona zote inazopita hadi kabati la mtaani lenye mtambo, si umbali wa kutembea kwa miguu.

Fungua ukurasa wa hali ya laini kwenye modemu. Soma kasi iliyoshikwa, kasi ya juu inayowezekana, pambizo ya kelele (desibeli za akiba ambazo ishara inazo juu ya kelele) na idadi ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika. Kama kasi inayowezekana ni 70 na iliyoshikwa ni 38, huenda mtoa huduma amekuwekea kikomo, na hapo muulize kama kinalingana na kifurushi unacholipia. Kama zinakaribiana na pambizo ni desibeli 6 hivi, laini imeshatoa ilichonacho. Pambizo ikiwa 12 au zaidi huku kasi ni ndogo, huenda mtambo ulipandisha kinga baada ya laini kukatika mara nyingi. Tibu ukatikaji kwanza, kisha uombe ishushwe. Kutoka 9 hadi 6 hurudisha kama biti moja kwa kila toni inayofanya kazi: kwa toni 1,000 hiyo ni megabiti 4.

SWALI: Nyumba ileile, waya uleule. ADSL haikunisumbua miaka yote. Tangu nihamie VDSL2 inakatika, hasa simu ikiita.

JIBU: Matatizo hapa yanaweza kuwa mawili kwa pamoja.

Kukatika simu inapoita ni dalili ya kukosekana au kufa kwa kichujio, kifaa kidogo kinachotenganisha ishara ya simu na ya intaneti. Kila simu, faksi na kengele ya ulinzi inayotumia laini hiyo inahitaji kichujio chake. Modemu yenyewe haipiti kwenye tundu la simu la kichujio. Ina tundu lake la DSL.

La pili ni matawi ya waya ndani ya nyumba, yale yanayokwenda kwenye soketi ambazo hazina kifaa. Ishara huingia kwenye tawi, hugonga mwisho ulio wazi na kurudi. Kwenye masafa ambayo urefu wa tawi ni robo ya wimbi, ishara inayorudi hukutana na ile ya mbele zikafutana. Mawimbi ndani ya waya huenda karibu mita milioni 200 kwa sekunde, kwa hiyo tawi la mita 10 huchimba shimo kwenye megahezi 5, na jingine kwenye 15. ADSL2+ inaishia 2.2, haikuwahi kuligusa shimo hilo. VDSL2 inaanguka ndani yake moja kwa moja.

Chomoa kila kitu kwenye laini. Chomeka modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza, pale waya unapoingilia nyumbani. Kama ina tundu la majaribio nyuma ya kifuniko, tumia hilo. Iache saa 24, kisha linganisha kasi na makosa. Ikitulia, tenganisha kabisa waya za matawi nyuma ya soketi hiyo. Kuchomoa simu tu hakutoshi, kwa sababu tawi lenyewe linabaki. Ikiendelea kukatika hata hapo, na zaidi siku za mvua, kiungio cha nje kimeingia maji. Hilo ni la mtoa huduma. Mpe saa za kukatika na namba za makosa, maana laini iliyokauka siku ya ukaguzi hupimwa nzima.

SWALI: Jirani zangu wakiunganishwa VDSL2, kasi yangu inashuka. Ni kweli au ni hisia?

JIBU: Ni kweli. Jozi za waya zilizo ndani ya kebo moja huvujishiana ishara, na masafa yakipanda uvujaji huongezeka. Dawa yake ni vectoring, kiwango G.993.5 cha 2010: mtambo hupima uvujaji kati ya laini zote na kutuma ishara iliyorekebishwa ili kuufuta. Ila kila modemu kwenye kebo hiyo lazima ishiriki vipimo, kwa hiyo ya zamani inaweza kukataliwa au kubanwa kwenye masafa ya chini. Programu ya modemu ikiwa na toleo jipya, iweke.

SWALI: Naweza kurefusha waya wa simu kwa mita 15 ili modemu ikae sebuleni?

JIBU: Usirefushe upande wa simu, hasa kwa ule waya bapa ambao haukusokotwa, unadaka kelele. Acha modemu karibu na soketi ya kwanza, kisha vuta kebo ya mtandao kutoka hapo. Hiyo inafika mita 100 bila kupunguza kasi. Kama lazima urefushe upande wa simu, tumia jozi moja ya kebo ya Cat5e (kebo ya mtandao yenye jozi nne zilizosokotwa), na uhakikishe nyaya zote mbili za laini ziko kwenye jozi iliyosokotwa pamoja, si moja kutoka jozi hii na nyingine kutoka ile.