Netrunner kwa wageni: kambi zake na namna ya kuzicheza

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaoanza kucheza Netrunner, mchezo wa karata wa watu wawili uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1996, ukafufuliwa na Fantasy Flight Games mwaka 2012, na ambao tangu toleo hilo lisitishwe mwaka 2018 unaendelezwa na kikundi cha wapenzi wake kinachoitwa leo Null Signal Games.

Nimezoea bao. Inawezekanaje wawili wacheze mchezo mmoja kwa kanuni tofauti?

Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32, hivyo aliyefungwa hana pa kusingizia. Katika Netrunner mmoja ni Shirika, linaloweka karata zake kifudifudi nyuma ya vizuizi na kutekeleza ajenda kwa siri, na mwingine ni Mdukuzi, anayepanga zana zake mbele ya macho ya mwenzake na kuvamia seva ili azipore ajenda hizohizo. Kila upande hutafuta pointi 7 zitokanazo na ajenda, ingawa kwa zamu moja Shirika lina hatua 3 na Mdukuzi ana 4. Jambo ambalo wageni huchelewa kulielewa ni kwamba Mdukuzi anaweza kuvamia popote: karata zilizo mkononi mwa Shirika, fungu la kuokotea, hata jalala la karata zilizotupwa.

Kambi ipi ya Wadukuzi inamfaa mtu asiye na subira?

Criminal. Hao huvamia mapema, kabla vizuizi havijasimama, na hulipwa kwa kuvamia: Gabriel Santiago, mmoja wa wahusika wao, kwa mfano, hupata fedha 2 kila anapofanikiwa kwa mara ya kwanza katika zamu kuingia mkononi mwa Shirika. Anarch ni wabomoaji, wapenzi wa virusi, na hawajali sana wanachopoteza njiani. Shaper ni mafundi wanaochelewa kuanza, lakini zana zao zikikamilika ni vigumu kuwazuia.

Kila nikicheza dhidi ya Jinteki, mojawapo ya kambi za upande wa Shirika, ninakufa. Ninakosea wapi?

Ninashuku kwamba unavamia ukiwa na karata chache. Karata za mkononi mwa Mdukuzi ndizo uhai wake: kila dhara moja humtupisha karata moja bila yeye kuichagua, na madhara yakizidi karata alizonazo, mchezo umekwisha. Jinteki imejengwa juu ya hesabu hiyo. Mtego wake maarufu, Snare!, ukiuchokoza popote nje ya jalala, Shirika linaweza kulipa fedha 4 likakutia madhara 3 pamoja na alama ya kufuatiliwa. Mwenye karata 2 amekufa, na mwenye 3 amebaki mikono mitupu. Kwa hiyo usivamie kwa hatua yako ya mwisho, kwa sababu hutakuwa na nafasi ya kuokota karata wala kujifutia alama kabla zamu ya adui haijafika. Hata hivyo, usiogope kupita kiasi: Jinteki hushinda pia kwa kumfanya mpinzani asithubutu kugusa chochote, huku ajenda zikitimizwa mbele yake.

Na mashirika mengine matatu?

NBN, shirika la habari, hufuatilia watu na hutimiza ajenda kwa kasi. Weyland ni tajiri na halifichi vitisho vyake: ukiwa na alama ya kufuatiliwa, karata yake ya Scorched Earth inakutia madhara 4 kwa mkupuo. Haas-Bioroid hujali ufanisi, na vizuizi vyake vingi vya roboti Mdukuzi anaweza kuvipita kwa kutoa hatua zake badala ya fedha. Mimi humpa mgeni Haas-Bioroid kwanza, kwa kuwa humfundisha kupanga uchumi bila kumlazimisha kudanganya kwa uso mkavu.

Je, ninaweza kuchanganya karata za kambi mbili?

Ndiyo, ndani ya upande mmoja. Mhusika unayemchagua huwa na kiwango cha ushawishi, mara nyingi 15, na kila karata ya kuazima hupunguza kiwango hicho. Ajenda za kambi nyingine haziazimwi kabisa.

Karata nizipate wapi?

Null Signal Games hutoa bure faili za kuchapisha. Zikate, kisha uzitie kwenye vifuko vya plastiki pamoja na karata za kawaida ili zisijikunje.