Usingoje Wingu la Kwenu

Juzi msomaji mmoja wa upande wa Garsen aliniandikia: "Dada, nyumba yangu iko karibu sana na mto. Nina watoto watatu na nyanya yao ambaye hatembei vizuri. Wakitangaza mafuriko, nianze na nini?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu mwaka 2018 swali hilo lilikuwa langu na sikuwa na wa kumwuliza.

Mimi ni mtu wa Tana River, kaunti ya Kenya inayopitiwa na mto Tana. Nimezaliwa kati ya Hola na Garsen, nikakuzwa na maembe na ndizi za shamba la kando ya mto. Wageni hutuuliza kwa nini hatuhami. Tuhamie wapi, tukalime nini? Rutuba yetu huletwa na mafuriko hayohayo. Mto hatuuchukii, na wewe unayesoma haya ukiwa na shamba ukingoni najua huuchukii pia.

Masika ya 2018, kwetu mvua haikuwa ya kutisha. Siku yenyewe jua liliwaka nikaanika pojo uani. Hapo ndipo Tana hutunasa. Maji yake yanatoka Aberdare na Mlima Kenya, yanapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanakata nchi kame mpaka kwetu. Mvua inanyesha Nyeri na Murang'a, Masinga linajaa na kufurika, na siku kadhaa baadaye mto unaingia chumbani mwako huku nyota zinaonekana. Redio ilikuwa imetangaza. Nililisikia tangazo kwa masikio yangu, nikatoka nje, nikatazama juu, nikarudi jikoni kusonga ugali.

Saa nane usiku mbuzi walianza kulia. Niliposhusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Mume wangu akambeba mama yake mgongoni, mimi nikamfunga mdogo kwa leso, mkubwa akashika tochi mbele. Tulitoka na sufuria moja tupu, ambayo mpaka leo sijui niliibebea nini. Magunia ya mahindi, mbegu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho changu na picha ya pekee ya marehemu baba vilibaki ndani. Mbuzi tisa wakabaki watatu. Tukakaa chini ya turubai wiki tano, kandokando ya barabara kuu, tukinywa maji ambayo nisingempa hata ndama.

Lakini mahindi hulimwa tena. Kilichoniuma ni vyeti. Nilikwenda ofisi moja mara nne, kila mara nauli na siku nzima ya foleni, naambiwa nilete nakala ya cheti cha zamani, cheti ambacho kimekwenda na maji. Mwanangu alikaribia kukosa kusajiliwa mtihani. Karani akasema mbele ya watu, "Nyinyi wa mtoni mnajitakia." Miaka imepita na sauti ile bado naisikia ninapofagia.

Niliporudi nyumbani nilitafuta ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye kifuniko kinachobana. Nikaisugua, nikaikausha, na vyeti vipya vilipopatikana nikaviweka humo: vitambulisho, kadi za kliniki, karatasi za shamba, picha chache, kiberiti, dawa ya kutibu maji, dawa za presha za mama mkwe na pesa kidogo za nauli. Simu ya mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, naichaji na kuizima, nayo inakaa humohumo. Ndoo iko juu ya kabati, karibu na mlango, na kila mtoto anajua ni ya nini. Mbegu nazo huzikausha, nazichanganya na majivu, nazitia kwenye mtungi, nampelekea dada yangu anayeishi kwenye mwinuko. Zinalala kwake msimu mzima, kuwe na tangazo au kusiwe.

Wengine walinicheka. Waliniita mwoga, hata kwenye chama chetu cha akiba.

Aprili 2024 ilipofika, tahadhari za mabwawa zikaanza kusomwa tena. Mara hii sikutazama juu. Jua likiwaka vilevile, nikaita boda, mama mkwe akatangulia na ndoo, mbuzi wakafuata kwa miguu na mkubwa wangu. Majirani walisimama wakatutazama tukipita. Siku ya nne maji yakafika madirishani mwa nyumba ile tuliyoiacha. Na tarehe 28 mwezi huohuo, kule Kona Punda karibu na Madogo, ambako mafuriko yalikuwa yamemeza barabara ya Garissa, boti iliyojaa abiria ikazama na watu wakafa. Naitaja kwa sababu wengi hujiambia kwamba maji yakizidi watavushwa. Ondoka barabara ikiwa bado ni barabara. Ukishahitaji boti umechelewa, na majini kuna mamba na mkondo usiojali kama unajua kuogelea.

Sikupoteza cheti hata kimoja, wala mbuzi hata mmoja. Maji yalipopungua na udongo ukiwa bado umelowa, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda, na waliokuwa wakinicheka walikuja kuomba mbegu. Niliwapa. Nasema hivi kwa fahari na sioni haya, maana nililipia fahari hii kwa wiki tano za turubai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kusema "bado hakujanyesha." Sikiliza kule juu kunasemaje. Chifu akisema, ondoka. Redio ikisema Masinga limefurika, ondoka. Usingoje jirani aondoke kwanza, kwa sababu naye anakungoja wewe. Na unaporudi, chemsha maji ya kunywa, na pekua kila kona kwa fimbo kabla watoto hawajaingia, kwani nyoka nao walikuwa wakitafuta pakavu.

Dada wa Garsen, kesho anza na ndoo. Kisha kaa na watu wa nyumbani mkubaliane ni nani atakayembeba nyanya, na asipokuwepo siku hiyo, ni nani wa pili. Mtaje kwa jina, mbele ya nyanya mwenyewe.