Lile jino liandike

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Kadutu, Bukavu, mara ya pili nimekaa. Unasema huko Kinshasa mmetangaziwa tuzo ya insha kwa wanafunzi wa meno, juu ya patolojia ya kinywa, yaani elimu ya magonjwa yake, nawe umechagua lenfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya za watoto. Unauliza kama nakuruhusu utie habari ya lile jino, ama nitaona umenivunjia heshima.

Litie. Ila uliandike lilivyokuwa, maana nilipokusimulia ulikuwa bado mdogo na mengine niliyameza.

Nilikuwa muuguzi wa kituo. Mama yule alipanda huku kutoka bonde la Ruzizi, mtoto wa miaka 5 mgongoni. Gego la juu lilikuwa linacheza. Nililigusa kwa kidole: jeupe, halina hata tundu, ufizi umevimba kidogo tu. Nikamwambia ni meno ya utoto, yameanza kutoka. Miaka 5! Gego la utoto hungoja mpaka miaka 9 au zaidi, na hilo nililijua vizuri. Lakini benchi lilikuwa limejaa watu. Nikachukua koleo, likanifuata bila ubishi, kama punje ya hindi lililochemka sana. Nikafurahi, mwanangu. Nilijiona fundi.

Walirudi baada ya wiki mbili, shavu limejaa, jicho limesukumwa juu. Wenyewe mmefundishwa kwamba uvimbe ule unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, basi pigia hesabu wiki mbili nilizompotezea. Hospitalini walikata kipande, labo ikataja jina. Dawa za saratani ile huyeyusha uvimbe haraka zikiwahi. Kwake hazikuwahi.

Sasa ule ukurasa wako wa kwanza. Unaanza na darubini: seli nyeusi zimebanana, na kati yake seli kubwa nyeupe zinazokula zilizokufa, ndiyo maana wataalamu wakaita anga lenye nyota. Umeandika vizuri, mama yako alisema mtoto amekuwa mshairi. Ila kila atakayechagua ugonjwa huu ataleta anga hilohilo. Nyota ziweke baadaye. Anza na jino zima linalocheza kinywani mwa mtoto ambaye umri wake haujafika, kwa sababu anayeliona kwanza ni mtu wa meno, tena mara nyingi hana darubini.

Burkitt mwenyewe, yule daktari mpasuaji ambaye ugonjwa una jina lake, alianza hivyo, kwa macho, na hata macho alikuwa nalo moja tu, lingine lilipotea utotoni. Mwaka 1957 aliitwa pale Mulago, Kampala, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja akamwona mwingine kama yule. Angeweza kusema jipu, kama mimi nilivyosema meno ya utoto. Yeye akaanza kuuliza, na mwaka 1961 akazunguka na wenzake wawili kwa gari la mtumba karibu kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, akionyesha picha na kuuliza: huu mnao? Virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na uvimbe huu, vilionekana mwaka 1964 kutokana na kazi hiyo.

Hapa kuna kitu usikiache. Aliona kwamba ugonjwa unapungua sana ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, kunakopungua malaria, ambayo huufungulia mlango. Sisi Bukavu tumekaa palepale kwenye mstari wake! Ndiyo sababu miaka yangu yote ya uuguzi sikuzoea kuuona, na aliyeuleta alitoka bondeni kwenye mbu. Sisemi hivyo kujitetea. Ila msomaji ajue kwamba barabara ya Kamanyola inateremsha mtu kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine kwa asubuhi moja.

Jina la mtoto usiliandike, wala kijiji, wala kituo. La kwangu ukitaka weka, au sema tu muuguzi. Lakini usiandike kwamba jino «liling'olewa». Andika nani alilingʼoa.

Daftari la mwaka ule bado liko ndani ya sanduku la bati. Mstari wenyewe ni mfupi: miaka 5, gego la juu kushoto, limetolewa, hakuna tatizo. Kesho mama yako atapiga picha ya ukurasa akutumie. Kidole utakachokiona juu ya jina ni changu.

Baba yako