Shangazi, jina langu mwenyewe linanigomea

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nauza vifaa vya simu Morogoro. Nina kigugumizi tangu utoto. Kwaya naimba bila shida, lakini mteja anayelipa kwa simu akiuliza 'jina linakuja nani?', 'Baraka' haitoki, namwonyesha kibao ukutani. Mama anasema ni woga, mjomba anataka nikakatwe kimeo. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kimeo kiache kilipo. Kukikata ni kutafuta damu na vidonda bure. Ulimi wako nao ni mzima. Ungekuwa mbovu, hata kwaya ingekushinda.

Kigugumizi huanzia kwenye ubongo, mara nyingi mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, na aghalabu hufuata ukoo. Njia zinazounganisha sehemu ya kusikia na ile inayoendesha midomo na koo, hasa upande wa kushoto, zimejengeka tofauti kidogo, basi neno linakosa wakati wake wa kuanza. Kwenye kwaya mapigo unayapata kwa wenzako. Dukani uko peke yako. Mama kapatia nusu: woga haukukileta, ila unakichochea.

Sasa hiyo B. Ukikwama, midomo imebanana na kooni nyuzi za sauti zimefunga. Hewa haina pa kupita, nawe unazidi kusukuma. Kusukuma ndiko kunakokaza. Acha. Tulia hapohapo sekunde mbili, usikilizie palipokaza, kisha legeza midomo taratibu: "Baaaraka". Likitoka kwa kugugumia, limalize, nyamaza sekunde tatu, lirudie polepole. Sekunde tatu hizo ni ndefu kweli mteja akikukodolea macho.

Jizoeze dakika 10 kila siku: soma gazeti kwa sauti peke yako, baadaye mbele ya rafiki, halafu pigia duka simu uulize bei. Siku nyingine gugumia makusudi, "Ba-Ba-Baraka", ukiwa umetulia, hofu izoee kukosa kazi.

Usivute pumzi kubwa ukaibana. Usipige paja ili neno litoke. Litatoka siku chache, kisha utabaki na kigugumizi na kupiga paja juu yake. Na kibao hicho kigeuze, maana kila ukikwepa jina linazidi kuwa zito.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache. Ulizia idara ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa. Kwa mtu mzima hawaahidi kukiondoa chote, wanakufundisha kukiendesha.

Kesho mteja wa kwanza mwambie: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Halafu mtajie jina.