Agreeable Gray au Repose Gray? Ndoo usilipie kwanza

Ndugu, eti kesho unalipia ndoo nne za Repose Gray, rangi ya ukuta ya kampuni ya Sherwin-Williams, kwa sababu kwenye simu "haina tofauti" na Agreeable Gray, kijivu kingine chao. Simama hapo hapo. Maneno hayo niliyasema mimi 2022, yakanila hela.

Kwenye kadi zinafanana, sikatai. LRV, yaani mwanga ambao ukuta unarudisha, 0 ni nyeusi tii na 100 ni nyeupe pe, Agreeable ni 60, Repose ni 58. Jicho gani litaona hiyo mbili? Shida ni kilichojificha ndani. Agreeable ina ubeji, yaani kahawia hafifu, Repose ina ubaridi, kazambarau fulani kanakosubiri ulipe kwanza ndio kajitokeze.

Sebule yangu ya Mukono, Uganda, niliyoipaka Repose, ina veranda pana na mwembe mbele ya dirisha, jua linaingia kwa kuomba. Fundi akamaliza mkono wa pili jioni, nikawasha taa, zile LED nyeupe za 6500K, mwanga wenye ubuluu, banange! Wodi ya hospitali kabisa. Mama mkwe akaja Jumapili, akakaa kimyaaa, halafu akauliza daktari anafika saa ngapi. Nikacheka, ningefanyaje. Wiki tatu nikajidanganya tutazoea, jioni tunakaa na taa ya korido tu kama tunaficha mtu, mwisho nikapaka upya sebule na korido, rangi mpya, fundi mpya, maana wa kwanza simu hashiki tena.

Na yule kijana wa duka, "mashine haikosei bosi"! Haikosei, ila kopo la Sherwin-Williams hakuwa nalo, alichukua namba ya rangi tu akachanganyia kwenye besi, rangi nyeupe ya kuchanganyia, ya kampuni nyingine, na mimi zezeta nikakubali chini ya taa za dukani. Halafu kuna dada wa video huko Marekani, anasema chumba chenye dirisha la kaskazini ni baridi, cha kusini kina joto. Kwao sawa. Sisi tuko ikweta! Juni jua linapita kaskazini, Desemba linapita kusini, dirisha lile lile.

Sasa sikia. Lita moja moja ya kila rangi, kila moja na ubao wake mkubwa kama mlango wa kabati, andakoti nyeupe chini, halafu mikono miwili ya rangi. Usijaribie kwenye simenti tupu, kijivu chake kitakudanganya. Ubao uuhamishe ukuta hadi ukuta, utazame asubuhi, saa saba, na usiku kwa balbu ZAKO. Jirani alichukua ndoo yangu moja ya Repose, uwanja wake ni udongo mwekundu mtupu, mchana kwake ukuta una uwaridi hivi na anausifia mpaka nakasirika.

Uliuliza pia siling, na silk ya kung'aa kidogo au matt isiyong'aa... ubao kwanza, ndugu. Repose ipo nusu ndoo stoo kwangu, njoo na kopo nikupimie ya kujaribia, bure.